Nilimdanganya Pacha Wangu Kuhusu Vipeuo

Nimekosa, jamani! Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Sikutumwa na mtu, wala sikulazimishwa. Ni wivu wangu mwenyewe.

Naitwa Kulwa. Jina natoa bila hofu, kwa sababu huku kwetu kila kijiji kina Kulwa na Doto wake. Doto ni pacha wangu. Kwetu ni Kasoli, ila tulisoma sekondari ya kutwa Bariadi, tukikaa kwa shangazi.

Miaka hiyo malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yameanza kuingia vijijini kununua pamba. Baba akafurahi, akalima shamba kubwa kuliko kawaida. Bei ikaanguka! Tukiwa kidato cha pili alikuja Bariadi, akatuketisha uani kwa shangazi.

"Wanangu," akasema, macho chini, "ada ya wawili siiwezi tena. Atakayeongoza hesabu mtihani huu ndiye ataendelea."

Nilijua ni Doto. Kila mtu alijua! Hesabu kwake ilikuwa mchezo. Ila malaria ilikuwa imemlaza wiki tulipofundishwa kugeuza vipeuo kuwa vipeo vya sehemu.

Asubuhi ya mtihani, tukiwa tunafua soksi, akaniuliza.

"Kulwa, hebu nikumbushe. Kipeuo cha tatu cha nane mraba. Naandika nane, halafu kipeo chake ni sehemu. Ile tatu ya kipeuo inakaa juu au chini?"

Inakaa chini. Mbili juu, tatu chini. Nililijua hilo kama ninavyojua jina la mama yangu.

"Juu," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Doto, mimi nilikuwepo darasani! Tatu juu, mbili chini."

"Ahsante, dada," akasema. Ee Mungu wangu, alinishukuru!

Mtihani ulijaa maswali hayo. Doto alitoka akitabasamu. Matokeo yalipobandikwa, nilikuwa nimempita kidogo tu. Hakulia mbele yangu. Alinivulia sweta lake, akasema nitalihitaji kuliko yeye, nikidamka na baridi kwenda kidato cha tatu.

Nikalivaa. Sikuwa na haya!

Mimi nikaendelea na shule, yeye akarudi Kasoli kulima pamba. Baadaye akaja mwanamume wa Lalago na ng'ombe wa mahari, Doto akakubali.

Nilikuwa chuo cha ualimu nilipokwenda nyumbani likizo. Nikamkuta Doto amekuja kusalimia, mtoto mgongoni, anamsaidia mdogo wetu Milembe hesabu. Alikuwa anachora kwa kijiti nje ya jiko.

"Hii tatu ya nje inapanda juu," anamwambia.

"Lakini mwalimu wetu anasema inakaa chini," Milembe akajibu.

"Basi mwalimu wenu kakosea. Mimi nilifundishwa na Kulwa, na yeye ndiye mwenye kichwa hapa nyumbani."

Ningenyamaza, Milembe naye angeharibikiwa.

"Doto," nikasema, "mwalimu wake hajakosea. Tatu inakaa chini."

"Kumbe siku ile ulisahau?"

"Sikusahau. Nilijua."

Akaniangalia mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia. Hakumbembeleza.

"Kwa hiyo sikuwa mjinga," akasema taratibu. "Nilikubali kuolewa kwa sababu niliona kichwa changu kimekwisha. Kumbe sikuwa mjinga."

Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Akanipita, akaenda kumwambia mama anaondoka. Baba alipopata habari alitaka kumrudisha shule. Doto akamwuliza: nimwachie nani huyu mtoto?

Sasa mimi ni mwalimu, na nafundisha hesabu! Kila nikifika mada ya vipeuo, naandika ile tatu chini kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Doto tukikutana ananisalimia "mwadila", salamu ya Kisukuma ya mchana, kama anavyomsalimia mpita njia. Kulwa haniiti tena. Ananiita mwalimu, na kila akiniita hivyo natamani ardhi ipasuke inimeze.

Wewe unayesoma hapa, mwenzako akikuuliza kitu unachokijua, mwambie ukweli. Atakupita? Mwache akupite! Utaumia siku chache, utapona. Mimi nilimsaliti mtu aliyeniamini kuliko wote duniani, na mpaka leo hajanitolea hata neno moja baya. Afadhali angenitukana!