Nilivyotolewa mapepo mara sita nikiwa mwimbaji wa bendi ya injili Morogoro, na betri zilivyohusika

Wakuu, salamu kwa wote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Leo naomba niutue mzigo wa miaka mingi. Ninachoandika ni kweli tupu. Wale mabingwa wa kusema "chai hii", wekeni vikombe chini kwanza, msome mpaka mwisho, ndipo mnihukumu.

Miaka ya tisini nilikuwa mwimbaji wa bendi ya vijana wa kanisa pale Kihonda, Morogoro. Bendi iliitwa Mtikisiko wa Yeriko. Muziki tuliopiga wenyewe tuliuita "injili nzito". Mwaka juzi tu kijana wangu wa kwanza alinisikia nikiuimba bafuni akaniambia, "Baba, hiyo inaitwa progressive metal, Ulaya watu wanasomea." Nikamwambia sisi hatukusomea, sisi tulianika.

Mtanielewa mbele.

Enzi zile ruksa ilikuwa imeshika kasi. Mitumba imejaa kila kona, viwanda vinauzwa, kila mtu ghafla ni mfanyabiashara. Mimi nilikuwa fundi seremala. Siku moja nikanunua koti la mtumba, zito kama mlango, sijui nililinunulia nini kwa joto lile la Moro. Nafika nyumbani naingiza mkono mfukoni, nakuta kaseti. Haina maandishi yoyote, ila mtu kachora msalaba kwa kalamu ya wino.

Nikaipeleka kwa rafiki yangu Zaka. Zaka alikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi na mpiga gitaa wa kanisani, mtu makini kupita kiasi, mpaka ugali alikuwa anaukata pembe nne. Alikuwa na redio kaseti. Umeme kwake haukuwepo, kwa hiyo ilitumia betri kubwa nne.

Na betri, wakuu, nyie mliozaliwa na chaja hamjui. Betri zilikuwa hazitupwi. Zikiisha unazianika juani juu ya bati, zikipata moto unazirudisha, zinakupa dakika kadhaa, zinalala tena. Zaka alikuwa na seti moja tu, na aliitunza kama ng'ombe wa maziwa.

Tukaweka kaseti. Wimbo ukaanza, mwanaume anaimba kwa Kiingereza, sauti ya kawaida tu, gitaa linakwenda vizuri. Kadiri unavyoendelea, gitaa likawa linazidi kuwa zito. Ngoma zikawa zinajivuta. Yule mwanaume akaanza kunguruma. Mwisho akawa anatoa sauti ya simba aliyemeza gunia. Halafu kimya.

Tukaanika betri. Baada ya nusu saa tukaendelea pale pale tulipoishia, na wimbo ukaibuka kwa kasi, sauti iko juu, gitaa linakimbia!

Zaka alikuwa na machozi. Akasema, "Elia, umeelewa? Hapa mwanadamu anaanguka dhambini. Hapa anazidiwa. Hiki kimya ni siku tatu kaburini. Na hapa ni ufufuo."

Nikasema nimeelewa. Wakuu, kweli nilielewa!

Kwa miezi mitatu Zaka aliuandika ule wimbo kwenye daftari la hesabu. Hapa mnahesabu saba, hapa saba, hapa tano, hapa tisa, kila mahali wimbo ulipojivuta alitafuta namba yake. Mimi nikajifunza kunguruma. Nilikuwa nafanya mazoezi nikipiga randa, wateja wakadhani mbao zangu zina matatizo.

Mpiga ngoma tulimpata Shabani, Mluguru wa Mkuyuni, Mwislamu safi. Alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya kiwanda kimoja pale mjini. Kiwanda kilipouzwa, bendi ikafa, yeye akaondoka na ngoma zake. Nilimuuliza kama itamsumbua kupiga nyimbo za Yesu. Akasema, "Kaka, mambo ya dini ni yenu. Mimi nahesabu saba."

Ampli tuliazima kanisani, na spika yake moja ilikuwa imepasuka, inakoroma. Zaka akaipenda hivyo hivyo.

Jumapili ya kwanza tukapewa nafasi kwenye ibada. Mnajua utaratibu wa makanisa yetu, kila kundi nyimbo mbili. Hakuna aliyefikiria kuweka kikomo cha urefu. Wimbo wetu wa kwanza ulikuwa dakika kumi na tisa.

Akina mama walianza kupiga makofi kama kawaida yao. Makofi yakawapotea. Wakajaribu tena, yakawapotea tena. Mama mmoja wa mbele akabaki ameshika mikono hewani, anatuangalia kama tumemwibia. Tulipofika kwenye siku tatu kaburini, kimya, mchungaji akadhani tumemaliza. Akasimama, "Haleluya, tuwashukuru vija..." na Shabani akashusha ufufuo. Mchungaji akakaa bila kupenda.

Wimbo wa pili hatukupewa. Kamati ikakaa, ikaamua Mtikisiko wa Yeriko tusipande tena madhabahuni mpaka tujifunze nyimbo za makofi. Zaka hakula siku mbili.

Tungefia pale. Ila kulikuwa na mwinjilisti mmoja aliyekuwa anafanya mikutano ya hadhara vijijini. Kwaya yake iliharibikiwa gari, akakosa waimbaji wa mkutano wa Mkuyuni, akatuchukua sisi.

Mkuyuni tulipiga jioni, siku ya gulio, uwanja umejaa watu na ndizi. Kwanza shangazi yake Shabani alimwona kwenye ngoma, akamwita pembeni: "Shabani, umebadili dini?" Akajibu, "Hapana shangazi, niko kazini." Shangazi akakaa mbele kabisa kuhakikisha.

Nikaanza kuimba. Nilipofika pa kunguruma, timu ya maombezi iliyokuwa chini ya jukwaa ikapanda juu yote, watu watano. Mikono kichwani kwangu. "Toka! Toka!" Zaka haachi kupiga, anahesabu. Mimi nanguruma maana ndivyo wimbo ulivyo. Kadiri ninavyonguruma, ndivyo wanavyonisukuma, na mwisho nikaangukia spika.

Na hapo hapo, kwa hesabu za Zaka, ikawa zamu ya kimya.

Uwanja mzima kimya. Nimelala pale, naangalia mbingu. Nahesabu moyoni. Shabani akashusha, nami nikasimama, nikaimba kwa sauti ya juu, nyororo, kama mpango ulivyo.

Wakuu, uwanja ulilipuka. Watu walilia. Mwinjilisti akashika maiki, "Mmeona wenyewe!" Hata shangazi yake Shabani alipiga makofi, tena kwa mapigo ya saba.

Kuanzia hapo tukawa mastaa. Mikese, Turiani, Kilosa, kila mkutano Mtikisiko wa Yeriko. Kila mkutano natolewa mapepo. Mwinjilisti hakuwa tapeli, naomba hili lieleweke, aliamini kwa moyo wake wote. Mara ya pili nilipojaribu kumweleza, akanikumbatia akasema, "Yamerudi na wenzake, usiogope, tutayatoa tena." Nikanyamaza. Bendi ilikuwa juu, watu wananijua, na mimi nilikuwa nafurahia. Lakini usiku nikilala nilikuwa nasikia aibu, maana nilijua nimekaa kimya pasipostahili kukaa kimya.

Ikawa hivyo mara tano.

Sasa, katikati ya umaarufu huo nilikuwa nampenda binti anaitwa Neema. Alikuwa anakaa Kihonda kwa mama yake mdogo, anaimba kwaya. Kwao Mlali. Nilishatuma barua ya posa kwa mshenga, kama mila inavyotaka, na baba yake, Mzee Mkude, alikuwa bado hajajibu. Mzee alilijua jina langu tu, uso hajawahi kuuona.

Siku moja Neema akaja karakana yangu ya useremala, akakaa juu ya mbao.

"Elia, mkutano ujao ni Mlali."

"Najua."

"Baba yangu ndiye mkuu wa timu ya maombezi Mlali. Barua yako iko kabatini kwake. Ukianguka mbele yake, na barua imeanguka."

Nikaenda kwa Zaka kumwomba tuondoe kipande cha kunguruma, siku hiyo moja tu. Zaka akafungua daftari, akaniangalia kwa huruma. "Kukiondoa hicho, hesabu haifungi."

Nikamwendea mwinjilisti. Akasema hilo ni pepo la woga.

Basi tukaenda Mlali. Mchana kweupe, watu mpaka juu ya matrekta. Neema yuko na kwaya ya akina mama pembeni, haniangalii. Nikajiambia nitanguruma kidogo tu, kwa adabu.

Hakuna kunguruma kwa adabu, wakuu. Nilipotoa sauti ya kwanza tu nikaona mzee mmoja mrefu, mkulima wa nyanya, mikono kama makoleo, anapanda ngazi. Nikajua ndiye, maana pua ya Neema ilikuwa pale pale usoni kwake.

Akaniwekea mkono kichwani. Mzito.

"Wewe uliye ndani ya kijana huyu! Jitambulishe!"

Maiki iko mdomoni kwangu. Zaka anahesabu. Bado mapigo tisa nianguke. Nikianguka, bendi inapona na Neema anakwenda. Nikisema ukweli, mwinjilisti anaumbuka mbele ya kijiji na bendi imekwisha. Naapa sikuchagua. Nilimwangalia yule mzee machoni, na malezi ya mama yangu yakatoka yenyewe.

"Shikamoo baba."

Spika zikaipeleka mpaka milimani.

"Marahaba," akajibu mzee.

Kisha akashtuka. Muziki ukakata. Zaka kwa mara ya kwanza maishani akapoteza hesabu.

"Nani ananisalimia?"

"Ni mimi Elia, baba. Yule wa barua. Sina pepo, sijawahi kuwa nalo. Ndivyo wimbo ulivyo."

Mwinjilisti akadaka, "Wapendwa, msidanganyike, mapepo mengine yana adabu!"

Mzee Mkude akageuka taratibu. "Mwinjilisti, nimeombea watu tangu huna ndevu. Nimetukanwa na mapepo, nimetemewa mate. Shikamoo sijawahi kupewa. Huyu ni mtoto wa watu."

Akanishika mkono, tukashuka. Uwanja ulicheka, sijui kama umeacha mpaka leo. Mwinjilisti aliondoka bila kutuaga, na ndiyo ikawa mwisho wa ziara za Mtikisiko wa Yeriko. Tulibeba ngoma wenyewe mpaka nyumbani kwa mzee.

Sebuleni tukakalishwa mimi, Zaka na Shabani kama washtakiwa. Nikaeleza kila kitu. Mzee akasikiliza, akasema, "Nataka kuusikia huo wimbo unaomfanya mtu angurume."

Zaka akatoa redio kwenye begi. Mzee akaishika, akafungua nyuma, akaziona zile betri, zimepauka mpaka maandishi hayasomeki. Alikuwa na duka dogo pale mbele, akaenda akarudi na betri nne mpya, akaziweka.

Wakuu.

Alikuwa mwanamke.

Mwanamke mwenye kisauti chembamba, kinanda, gitaa dogo kwa mbali, na watoto wanapiga makofi. Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu, nne. Wimbo mzima, dakika tatu na kidogo. Hakuna dhambi, hakuna kaburi, hakuna ufufuo. Ni wimbo wa watoto wa Sunday school!

Shabani alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Zaka aliurudia mara tatu, kisha akatoka nje, akasimama kwenye migomba akiwa ametupa mgongo. Jikoni nilisikia mtu anacheka kwa pua. Nilikijua kicheko hicho.

"Muda wote huo," mzee akaniuliza, "hamkununua betri?"

"Tulikuwa tunaanika, baba."

"Mtu anaanika betri miaka miwili, halafu anataka mke."

Nikainamisha kichwa. Nikaona yamekwisha, tukarudi Kihonda.

Wiki mbili baadaye mshenga akaleta majibu. Mzee amekubali. Orodha ilikuwa ya kawaida, shuka la bibi, blanketi la babu, mnayajua. Mwisho kabisa mzee ameongeza kwa mkono wake: *Betri, katoni moja. Zilizoanikwa hazitapokelewa.*

Siku ya harusi Zaka alikuja na wazo la kuupiga wimbo kama ulivyo kwenye kaseti, wa dakika tatu, watu wapige makofi, amani itawale. Neema akakataa. Alisema yule mama wa kwenye kaseti hamjui, yeye anamjua anayenguruma. Basi MC akatangaza wimbo mmoja, nasi tukapiga dakika kumi na tisa. Kwenye kimya wageni wakakaa, kwenye ufufuo wakasimama. Ndiyo ilikuwa shoo yetu ya mwisho na ndiyo bora kuliko zote.

Mzee Mkude alitangulia mbele za haki, ni miaka kadhaa sasa. Mwishoni alikuwa haoni vizuri. Nikiingia chumbani kwake alikuwa ananijaribu, "Nani huyo? Pepo au mtu?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ni mtu. Aje akae."

Nimemkumbuka sana wiki hii, ndiyo maana nimeandika.

Somo nililopata: ukweli niliokuwa nauogopa mwaka mzima ulianza na neno ambalo mama alinifundisha kabla sijajua kuvaa kaptula. Ujasiri sikuwa nao. Adabu ilinitangulia, ujasiri ukafuata nyuma ukihema. Na kama kuna mtu umemnyamazia jambo, anza tu na salamu, mengine yatajipanga.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye maswali ulizeni, wenye matusi punguzeni. Ila kabla ya kumcheka Zaka, kila aliyezaliwa kabla ya chaja aseme hapa ukweli: kwenye bati la kwenu, juani, kulikuwa na nini?