Chujio Alilotaka Shemeji

Odile wa Kapata alikuwa ameshachagua chujio la hewa la injini dukani, lile linalofungiwa ndani ya kisanduku, ambalo lingezuia vumbi la malori ya migodi. Lakini teksi aliyoendesha ilikuwa ya shemeji yake Philippe, na nyumba aliyoishi na wanawe ilikuwa ya Philippe vilevile. Philippe akamletea chujio la wazi, lenye bomba la kung'aa.

"Hii itanguruma, batu bote batageuka!"

"Tata Philippe, vumbi itaingia mu moteri. Itakufa."

"Motokari ni ya nani? Na ikikufa, ni weye utakuwa umeiua."

Odile akaipeleka teksi gereji. Fundi akalifunga chujio la wazi.

Njiani watu waligeuka kweli. Kisha lori likatimua wingu jekundu mbele yake. Mitaro ilikuwa kushoto na kulia; akapandisha kioo, akaingia winguni, chujio la wazi likivuta vumbi.