Radhi za Mwenye Nyumba

Kuna dalali mmoja mtaani kwetu ambaye haipiti wiki bila kupenyeza kikaratasi kwenye mlango wangu. Picha ni ileile: mume na mke wenye meno meupe, mtoto kapandishwa mabegani. Na maneno ni yaleyale: mahali patulivu, mashamba yapo karibu, shule nzuri, panafaa familia. Wanunuzi wanangoja, anaandika, nyumba kama yako haikai sokoni hata wiki mbili. Mimi navichana vikaratasi vyake, kisha nakasirika siku nzima. Wanangu wanadhani nachukia madalali. Hapana. Nyumba hii niliipata kwa uongo, na niliyemdanganya ni mama yangu mzazi, basi kila anayenikumbusha kuwa ni nyumba nzuri huwa kama amenikanyaga kidonda.

Tunakaa mbele ya Croydon, pale London inapochoka. Basi likifika mwisho wa safari yake, dereva huzima injini, na ukishuka unaona malisho ya farasi na kijisitu ambamo watu hutembeza mbwa. Tulipokuja sisi, tramu ilikuwa haijafika. Nyumba nyingi zilikuwa za Waingereza waliozinunua ujanani mwao baada ya vita kuu ya pili, wakazaa, watoto wakakua wakaondoka, vikabaki vyumba vyenye vitanda vilivyotandikwa ambavyo hakuna anayevilalia. Ndipo tukaanza kuingia sisi wengine. Walitangulia Wahindi wa Nairobi na Kampala, wenye maduka yao na mama zao wenye sari chini ya makoti. Wakafuata Waghana na Wanijeria kutoka Peckham, kisha Wazanzibari, nyumba mbili tatu. Wote tulikuja kwa sababu moja, watoto. Kila mmoja alitaka bustani, ngazi ya ndani, na shule ambayo mwalimu mkuu anawajua wanafunzi wake kwa majina.

Wale wazee walikwenda wapi? Sikumsikia mtu akiuliza. Mimi sikuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na niliwapokea kwa mikono yangu. Wenye nguvu walihamia pwani, kwenye vijumba visivyo na ngazi. Waliobaki waliletwa kwetu na watoto wao, wakiwa na sanduku moja na picha ya harusi. Nikitoka kazini nilikuwa napita mitaa ileile nikitazama vibao vya "Inauzwa", nikiomba Mungu kimoja kiwe changu.

Maana hali yetu ilikuwa mbaya. Tulikuwa Peckham, ghorofa ya saba, mimi, mume wangu dereva wa treni, na watoto watatu katika vyumba viwili. Ukuta wa chumba cha watoto uliota ukungu mweusi, ukiufuta leo kesho umerudi. Mwanangu wa kati alikuwa na pumu. Nilikuwa nalala nikihesabu pumzi zake, na mara mbili tulimkimbiza hospitali midomo imekuwa ya buluu. Daktari, mtu mpole, aliniambia dawa anaweza kutupa, lakini ukuta hawezi kutubadilishia.

Tulipoipata nyumba hii, vyumba vitatu na miti miwili ya matofaa nyuma, benki ilikubali kutukopesha ikiwa tutafanya kazi ya kutwa wote wawili. Kufanya kazi wote wawili kulitaka mtu wa kukaa na watoto, na mtu huyo hakuwa mwengine ila mama yangu, mjane, aliyekuwa akiishi kwa kaka yangu, hukuhuku London. Mama alikubali. Kisha akatoa sharti lake.

"Mie siingii nyumba ya mtu mpaka mwenyewe anipe radhi kwa mdomo wake," alisema. "Msinionyeshe karatasi. Karatasi hata tulikotoka tulipewa, tena ina muhuri."

Nililijua analolisema. Baada ya mapinduzi, baba yangu, karani mdogo asiyekuwa na makuu, alipewa nyumba Mji Mkongwe. Ilikuwa ya familia ya Kihindi iliyoondoka na kilichobebeka. Hatukumfukuza mtu sisi, lakini tuliingia. Nilikuwa na miaka saba. Jikoni tulikuta sufuria ya dengu imeota ukungu. Sebuleni kulikuwa na bembea kubwa ya mbao, ya minyororo ya shaba. Kwenye fremu ya mlango walikuwa wamepima urefu wa watoto wao kwa penseli, na majina kwa maandishi yasiyosomeka kwetu. Mama alikataa yasifutwe. Mchana jua linapokuwa kali na watu wote wamelala, alikuwa akisikia minyororo ya bembea inalia, akitoka anaikuta imetulia tuli. Mwisho aliifunga kwa kamba.

Katika nyumba ile mama alizika watoto wawili, wadogo zangu, mmoja hata jina hajapewa. Watu walisema homa. Mama alisema, "Tumekaa juu ya machozi ya watu." Hata tulipohamia London alikuwa hapiti Edgware Road akiona bibi wa Kihindi wa umri fulani bila kuinamisha macho.

Basi nilimweleza kwamba hapa mambo ni mengine, mwenye nyumba anauza mwenyewe, hakuna aliyemnyang'anya. Nikamwambia, "Mama, solicitor, yule wakili wetu, ameshapeleka kila kitu, huku muuzaji na mnunuzi hawaonani hivyo."

"Ala! Mtu anakuachia nyumba aliyozalia, nawe hujapata hata kukaa naye kitako?" alisema. "Hao ndio wastaarabu?"

Nilipomwomba dalali aliyekuwa akituuzia tuonane na mwenye nyumba, alishangaa, akapiga simu, na Jumamosi moja asubuhi tukaenda. Mama alivaa baibui lake jipya na koti juu. Mkono mtupu haulambwi, alisema, akabeba kopo la vileja alivyovichoma mwenyewe, biskuti za kwetu, na halua ya Edgware Road. Mwenye nyumba alikuwa bibi mwembamba, mjane kama yeye, sweta limefungwa vifungo vyote. Alikuwa peke yake. Alitutengea chai, akafungua kopo, akala kileja kimoja, cha pili, akacheka. Mama alimpenda papo hapo, nami nikapumua.

Kisha mama akaweka kikombe chini, akamshika mkono.

"Mwambie hivi," alinambia. "Mwambie miye ni mtu mzima mwenzake. Nnataka anambie kweli ya Mungu. Nyumba hii anaitoa kwa moyo wake? Ana radhi nasi tukae, na wajukuu zangu wakue humu? Kama hana, aseme, tutatafuta kwengine, wala sina kinyongo naye."

Nilitafsiri, na hapo nilitafsiri sawasawa, neno kwa neno. Yule bibi alimtazama mama. Nadhani tangu mumewe afe hakuna aliyemuuliza swali.

Alisema hapana. Hakuna anayeuliza, alisema, lakini kwa kuwa umeniuliza, hapana, sitaki. Mwanangu ndiye anayetaka. Anasema nitaanguka kwenye ngazi. Mume wangu aliipanda ile miti siku binti yetu alipozaliwa, na binti yetu alifia chumba cha juu, kile kidogo. Nikiondoka hapa namwacha peke yake. Mwambie mama yako nitatia saini, kwa sababu nimechoka kugombana. Moyo wangu haumo.

Mama alikuwa ananitazama mdomoni. Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni na cha basi, na yule bibi alisema kwa kilio, maneno yakikatikakatika. Niliona chumba cha Peckham, na ule ukuta. Niliona midomo ya mwanangu. Sikufikiri sana, na nisingependa kusema uongo mwengine hapa kwamba nilifikiri.

"Anasema amekuridhia, mama," nilisema. "Amefurahi umemuuliza. Anasema kaeni kwa kheri, na watoto wakue."

"Mbona analia?"

"Anamkumbuka mumewe."

Mama akabubujikwa na machozi. Alimkumbatia yule bibi, akambusu mikono yote miwili, akamwombea dua kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Bibi naye akamkumbatia, akidhani mama analia kwa uchungu wake, kwamba hatimaye amepatikana mtu wa kumwelewa. Walikaa hivyo hata chai ikapoa. Mimi nilikuwa katikati yao nimeshika kopo la vileja.

Tulihamia mwezi uliofuata. Mama alifukiza ubani vyumba vyote, akamwaga pembeni maji ya kombe, yaliyooshewa aya za Kurani, akachagua mwenyewe kile chumba kidogo cha juu. Sikuweza kumzuia bila kusema kwa nini. Na alilala humo usingizi ambao sikupata kumwona nao maishani. Pumu ya mwanangu ilipungua kabla mwaka haujaisha, na mama akanambia, "Umeona? Hiyo ndiyo nyumba yenye radhi."

Anayesikia mambo ni mimi. Si majini, siamini kila kitu. Lakini mchana, nyumba tupu, huwa nasikia kiti cha jikoni kinavutwa, taratibu, jinsi anavyokivuta mzee anayetaka kukaa. Nimekizoea sasa, ila sikikalii.

Idi ya kwanza mama alipakua sahani ya pilau, akaifunika kwa kitambaa, akanituma nimpelekee yule bibi. Mwanawe alikuwa amemweka nyumba ya wazee, si ile ya kwetu, nyingine karibu na stesheni. Nilikwenda. Alikuwa dirishani, sweta lilelile. Alinijua mara moja. Hakugusa sahani.

"Mama yako alilia nami," alisema. "Kisha mkaingia."

Nilimwekea sahani mezani nikaondoka, na nikafika nyumbani nikamwambia mama, bibi anakusalimu sana, amekula akamaliza. Idi ya pili nilipokwenda, muuguzi alinambia alifariki tangu Februari. Nilirudi na sahani kwenye basi, moto wake ukinipita kwenye koti. Nilikuwa nimekusudia kumwambia mama. Nilipofungua mlango aliniuliza kutoka jikoni, "Bibi wetu hajambo?" nikasema hajambo.

Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Mbona yangu ilikwenda miaka kumi na saba! Kila Idi mama alipakua, nami nilibeba, nikawapa wafanyakazi wenzangu wakala na kusifu, nikarudi na salamu za maiti. Bibi anasema Idi njema. Bibi siku hizi miguu inamsumbua. Mama alikuwa akimwombea afya kila baada ya sala ya alfajiri, mtu ambaye yuko kaburini, na mimi nilikuwa nikiisikia dua ile kupitia ukutani nikivaa nguo za kazi.

Mtaa nao ulikuwa unageuka. Tramu ilifika, bei zikapanda mpaka tukawa tunazitaja kwa kunong'ona. Wahindi wa nyumba ya pili waliuza wakahamia kwenye mashamba zaidi. Wanangu, ambao kwa ajili yao nilifanya yote haya, wanasoma matangazo ya dalali kwenye simu na kucheka kwa Kiingereza, kwa kuwa hawataweza kununua hata gereji ya hapa. Mmoja ameshahamia Milton Keynes, mji wa mbali. Sasa wenye vitanda vitupu ni sisi.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, alikataa hospitali. Alisema anataka kufia kwenye nyumba ya halali. Alasiri moja, jua limeingia mpaka juu ya shuka, alianza kutaka radhi kama wafanyavyo watu wetu wakijua safari iko karibu. Aliwataka radhi wajukuu, wakamjibu "It's okay, Bibi," wakilia. Alimtaka radhi mume wangu. Akaagiza nimfikishie na yule bibi, nimwambie amsamehe kama alimkosea. Nikasema nitamfikishia.

Kisha akanishika mkono, akaniambia niiname. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi.

"Wewe huna haja ya kuniomba kitu," alisema. "Wewe ndiye mdomo wangu katika nchi hii. Hukunificha jambo hata siku moja. Radhi zangu zote nakupa wewe, duniani na akhera. Sema amin, mwanangu."

Nilikuwa na wakati. Watoto walikuwa wameshuka chini, mlango umefungwa, na macho yake yalikuwa mazima. Nilifungua kinywa ili nimwambie.

Nikasema amin.