Gunia Lililokataliwa Kwenye Mizani

Je, kama viwanda vitaacha kununua mashine mwaka huohuo nitakaofika? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima. Kampuni moja ya Malaysia ilikuwa imenikubali nikajifunze ufundi wa mashine zinazotengeneza chipu, vile vipande vidogo vilivyomo ndani ya kila simu. Nilitakiwa kujibu kabla Ijumaa haijaisha. Badala ya kujibu, nilisoma habari. Jumatatu mwandishi mmoja alisema viwanda vinagombania mashine hizo kwa sababu ya akili bandia. Jumatano mwandishi mwingine akasema oda zinaahirishwa na mafundi watapunguzwa. Niliwaamini wote wawili.

Sikuwa na wa kumuuliza. Kundi la simu la darasa letu la uhandisi lilikuwa limebaki la kutakiana heri za kuzaliwa. Nyumbani, nje kidogo ya Bariadi, tulikuwa wawili, mimi na mama, na chumba kilichojaa pamba karibu hadi darini. Nilipomgusia Malaysia, aliuliza kama huko wanakula ugali. Habari ya Ijumaa sikumwambia.

Alhamisi tulikaa sakafuni kuchambua. Kwetu pamba haipelekwi mizani ikiwa imechanganyika: nyeupe huingia gunia la safi, yenye madoa na majani makavu huingia gunia la fifi. Simu niliiweka gotini. Nilikuwa nasoma kuhusu vyumba vinavyotengenezewa chipu, jinsi watu wanavyovaa nguo za kufunika mwili mzima kwa kuwa chembe moja ya vumbi inatosha kuharibu kazi. Nilisoma mara mbili. Mikono ikaendelea yenyewe.

Ijumaa asubuhi, kwenye ghala la chama cha ushirika, karani alizamisha mkono hadi kwapani ndani ya gunia letu la safi, akautoa na konzi ya fifi. Akalimwaga lote kwenye turubai, foleni nzima ikitazama.

"Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "hii umechambua wewe?"

"Amechambua injinia," mama akasema.

Watu wakacheka.

"Basi injinia akae na turubai lake," karani akasema. "Akimaliza aniite."

Nikakaa. Mama naye akakaa upande wa pili, akaanza kuchambua.

"Guku," akasema. Ananiita babu kwa sababu nina jina la baba yake. "Ulikuwa unasoma nini jana?"

Nikamwambia yote: Ijumaa, mashine, soko linalopanda na kushuka.

"Bei ya pamba ilipoanguka, uliona nimeacha kulima?"

"Hapana. Ulipunguza, ukaongeza mtama."

"Basi na wewe nenda na mtama wako."

"Mtama wangu upi?"

"Si unatengeneza simu na redio za watu? Huko Malaysia simu haziharibiki?"

Nilicheka, kisha nikamuuliza yeye atabaki na nani.

"Na pamba," akasema. "Kwanza ukiondoka, itachambuliwa vizuri."

Hakunitazama aliposema hivyo. Tukachambua, kila mmoja upande wake wa turubai, mpaka pamba ikaisha.

Gunia lilipopita mizani, nilizunguka nyuma ya ghala, mahali mtandao unaposhika. Niliiandikia kampuni kwamba nakuja. Nikatuma bila kurudia kusoma.