Nilivyochanja ng'ombe wa Kakesio kwa chanjo iliyokufa njiani

Wakuu, heshima kwenu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, pale Kakesio, mzee mmoja aliniuliza kama dawa niliyobeba ilikuwa salama. Nikajibu, "Iko salama."

Nilitakiwa kusema imeharibika. Leo nimevuka sabini na jibu lile bado nalisikia.

Nimeona humu mnabishana kuhusu chanjo, wengine mkiapa kwamba ni uongo wa wakubwa. Ninachosimulia ni kweli tupu. Uongo ulikuwepo, ila haukuwa wa wakubwa. Ulikuwa wangu.

Mimi ni Mwiraqw wa Buger, Mbulu kama wengine wanavyotuita. Nilimaliza form four, nikapata kozi fupi, nikawa bwana mifugo mwenye makao Karatu. Nilikuwa na kofia ya serikali na kalamu mbili mfukoni. Moja haikuandika.

Mwaka huo sotoka ilirudi. Kwa vijana ambao hamuijui, huu ni ugonjwa uliokuwa unafyeka zizi zima kwa wiki mbili. Dawa haukuwa nayo. Kinga ilikuwepo, na ilikuwa nzuri sana: sindano moja, ng'ombe amekingwa maisha yake yote.

Lakini ndani ya vile vichupa mna virusi hai, waliodhoofishwa maabara. Wakipata joto wanakufa, na wewe unabaki kumdunga ng'ombe maji.

Kwa hiyo tulihitaji barafu. Pale Karatu barafu haikuwepo. Tuliomba kwenye lodge moja juu ya kreta, ambako watalii walikuwa wachache na barafu ya kuwekea whisky ilikuwa nyingi. Wakatujazia boksi. Nikajiona mwanasayansi.

Tulipopita kijiji cha Endulen, Land Rover ikavunjika springi. Tulikaa siku mbili juani tukisubiri kipuri. Dereva wangu, mzee Tluway, alifungua boksi akatia mkono.

"Bwana mdogo, haya maji unaweza kuoga."

"Funga."

"Mimi nafunga. Ila tugeuze. Hii imekwisha."

Nikamwambia yeye ni dereva, aendeshe. Alicheka kidogo, akasema, "Sawa, daktari." Aliniita daktari mpaka tunafika, na haikuwa heshima.

Kakesio nilikuta ng'ombe wamejaa bonde lote. Wengine walikuwa wametembezwa siku mbili. Aliyewaita wenye mifugo ni Mzee Lemayian.

Huyu nilikuwa nimemzalishia ng'ombe aliyekwama, akanipa mtamba. Kwa Wamasai, ukishapewa ng'ombe na mtu, majina yenu mnayaweka kando. Yeye ananiita Pakiteng, mimi namwita Pakiteng, basi, mmekuwa ndugu. Mwiraqw kuitwa hivyo na Mmasai, wakati babu zetu walikuwa wakiibiana mifugo, si jambo dogo.

Wazee wenzake hawakutaka sindano. Desturi yao wakisikia sotoka ni kuhamisha mifugo mbali, wasichangamane na mtu mpaka ipite. Ukiifikiria vizuri, ni karantini. Sisi wasomi tuliiita ujinga.

Lemayian alikuwa amebishana nao siku nzima kwa ajili yangu. Mmoja alikuwa bado anamchokoza: "Huyu Mbulu wako hata ndevu hana, anajua nini cha ng'ombe?"

Lemayian akanigeukia mbele yao.

"Pakiteng, dawa iko salama?"

Tluway aliangalia matairi.

Ndipo nikasema lile jibu.

Nilijiambia nitarudi mwezi ujao na chanjo nzima, niwadunge tena kimyakimya. Tukachanja mpaka jua linaelekea kuzama. Kila ng'ombe tuliyemdunga tulimkata alama sikioni, kama utaratibu ulivyotaka. Walituchinjia mbuzi. Nilikula vizuri.

Kosa langu la pili nililigundua ofisini. Ng'ombe mwenye alama harudiwi. Chanjo ilikuwa chache, na alama ina maana huyu amekingwa. Ili nipewe nyingine ilibidi niandike kwamba zile alama ni za uongo, na aliyezikata ni mimi.

Sikuandika. Niliandika report yenye jedwali safi.

Sotoka ilipokaribia, yule mzee mchokozi, ambaye hakuchanja hata ndama, aliswaga mifugo yake kuelekea Malambo. Lemayian akabaki, akinywesha mahali pamoja na ng'ombe waliotoka kwenye ugonjwa. Kwa nini akimbie? Wake walikuwa na alama.

Walikufa karibu wote. Walikufa wakiwa na masikio yaliyokatwa vizuri kabisa.

Mimi nilipandishwa cheo. Report yangu ilipendeza, wakanipeleka Morogoro kusoma namna ya kutunza chanjo kwenye baridi. Nikarudi nikawa nawafundisha wengine. Nilifundisha vizuri, wanafunzi wangu hawakuwahi kupeleka vichupa vya moto popote.

Baada ya miaka miwili nilimpelekea Lemayian mtamba mzuri. Alikuwa anachunga mbuzi wa mkwewe. Alimzunguka yule mtamba, akamshika sikio.

"Umemchanja?"

"Ndiyo, Pakiteng."

"Basi rudi naye, Bwana Mifugo."

Nilirudi naye. Hata hapo sikumwambia. Ningesema tu kwamba chanjo ni nzuri, mbovu nilikuwa mimi, angejua wa kumlaumu. Nilisikia baadaye kwamba manesi wa chanjo ya surua wakifika, alikuwa anawaficha wajukuu zake porini. Alifariki bila kubadili mawazo.

Nilichojifunza: mtaalamu akikosea, aseme siku hiyohiyo, hata mbele ya wazee, hata mbuzi akiwa ameshachinjwa. Watu wanasamehe safari iliyoharibika.

Mliowahi kufanya kazi ya mifugo au zahanati enzi zile, karibuni mseme yenu. Wa kunitukana pia nafasi ipo, sitajibu vibaya.

Sotoka yenyewe imekwisha duniani, kwa chanjo ileile, ikiwa baridi. Mzee Lemayian nilimmalizia ng'ombe wake na imani yake, na mimi nikampoteza rafiki ambaye sijapata mwingine.