Betri za Mama na Mchezo wa Pango

Betri ya redio ikianikwa juani ina harufu yake, ndugu zangu: karatasi iliyoungua kidogo, kutu, na kitu kichachu kinachokwama kooni. Mimi nauza betri. Za gari, za sola, za tochi. Nina maduka matatu, mawili Tabora na moja Nzega, na niliowaajiri wote wana vyeti, wakati mimi niliishia darasa la nne. Lakini mtu akiingia na betri yake kuukuu iliyotoka kuanikwa juu ya bati, namwachia mke wangu amhudumie. Mimi natoka nje, nasimama kivulini mpaka aondoke.

Tulikaa Kanyenye, mtaa wa Tabora, enzi za foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na betri ukizipata ulizibeba kifuani kama mtoto mchanga. Rafiki yangu Seif alikuwa wa familia ya Waarabu waliokuja zamani na misafara. Ami yake aliyehamia Maskati alimletea kidude cha kuchezea kinachoenea kiganjani, chenye kioo cha kijivu na vitufe vinne. Ndani ya kioo mlikuwa na mtu mdogo mweusi, mkubwa kama sisimizi, anaingia pangoni kumtafuta mnyama.

Nakisifu kwanza, maana kilistahili. Pango lilikuwa na vyumba, na ulikiona kile tu ulimosimama. Ukichukua kamba unaacha mkuki. Ukichukua mkuki, shimo likitokea huna kamba. Mnyama hukumwona. Ulimsikia tu, tii, tii, polepole, na kadiri ulivyomkaribia sauti ilizidi kwenda mbio mpaka moyo wako ukaenda nayo. Na kila ukianza upya vyumba vilikuwa vimepangwa vingine, hakuna wa kukariri. Ilibidi tuchore njia mchangani kwa kijiti. Vyumba tukavipa majina: Urambo, Malagarasi, Uvinza, mpaka Ujiji, njia ileile ya misafara. Seif alijifanya tajiri mwenye msafara.

"Wewe pagazi," aliniambia. "Babu zako ndiyo ilikuwa kazi yao."

"Na babu zako wangefika wapi bila babu zangu? Wangeliwa na simba hapo Usoke!"

Tulicheka mpaka mama yake akatufukuza barazani.

Kasoro zake nazo zilikuwa nyingi. Kioo hakikuwa na mwanga wake. Kivulini huoni, juani kinang'aa huoni pia, ilibidi ukiinamishe kama mtu anayechungulia kisima. Anayecheza ni mmoja, wengine mnabaki kupumuliana shingoni. Na kikizimika, safari yako yote imepotea. Hakikumbuki umefika wapi, unarudi mlangoni mwa pango mikono mitupu. Kubwa kuliko yote ni vile vibetri vyake, vidogo kama kifungo cha shati. Vilipokufa, Tabora nzima havikuwepo. Seif alilia.

Mimi sikulia. Nilichukua betri mbili kubwa za redio ya kwao, nikazitia ndani ya bua la mwanzi lililopasuliwa, nikazikaza kwa mpira wa baiskeli, nikavuta nyaya mbili mpaka ndani ya kidude. Kikalia, tii! Hakuna aliyenifundisha, na nilikuwa na miaka kumi. Mpaka leo sijakutana na fundi wa cheti aliyeweza hivyo katika umri ule.

Lakini betri zile zilikuwa zimechoka. Tulifika karibu na mnyama, sauti inakimbia, kioo kikafifia, kwisha. Tukazianika juu ya bati siku nzima, tukacheza kidogo, kwisha tena.

Sasa nyumbani kwetu kulikuwa na betri mpya mbili, ndani ya redio ya mama. Baba alikuwa na genge la wafanyakazi wa reli huko Kaliua, anakuja mwisho wa mwezi. Bibi, mama yake mama, alikuwa mgonjwa kijijini, ndani huko Urambo. Mama alikuwa amemuuguza wiki mbili, akarudi kwa ajili yetu. Walikubaliana na kaka yake, Mjomba Ramadhani: hali ikibadilika, atamwita kwa jina redioni. Basi kila mchana, matangazo ya vifo na wagonjwa yakikaribia, mama aliacha kila kitu, akafuta mikono kwa kanga, akafungua redio. Yakiisha, anafunga. Hata taarabu hakusikiliza, asije akazila betri bure.

Nilijua yote hayo. Sitaki mnidhanie nilikuwa mtoto asiyejua.

Nilizichukua asubuhi moja akiwa kisimani. Mahali pake nikaweka zile za kina Seif, zimetoka juani, zina joto, na niliamini kabisa kwamba jua limezijaza. Nilifungua redio kujaribu, ikasema vizuri. Nikaona hakuna nilichoiba, nimebadilisha tu.

Mchana ule nilikuwa mlangoni, nataka kutoroka kwenda kwa Seif. Mtangazaji alianza na watu wa Mwanza, akaja wa Dodoma. Akasema, "Na huko Tabora..." Sauti ikawa nyembamba kama ya mbu, ikazama. Mama alizitoa betri, akaziuma kwa meno ziamke, akazirudisha. Kimya.

"Mbona hizi bado mpya?" alijisemea.

Niliondoka. Siku hiyo tulimuua mnyama, mimi nikiwa na mkuki. Nyumba ya kina Seif nzima ilisikia tulivyopiga kelele.

Jioni mama alikwenda kusikiliza kwa jirani. Hakusikia jina lake. Alirudi amechangamka, akatupikia wali na mchicha wa karanga, akasema bibi yenu hajambo. Kumbe mjomba alimudu kulipia tangazo moja tu, la mchana.

Baada ya siku sita mjomba alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni na vumbi miguuni, akakataa kiti.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia. "Mama alikaa siku mbili anakuita, Mwajuma. Kila mlango ukilia anasema huyo, amekuja. Tumemzika Ijumaa."

Mama aliapa: "Redio haikuwa na betri, kaka. Wallahi."

"Mjini Tabora, mtu akose betri? Kijiji kizima kilisikia jina lako. Sema mji umekunogea."

Mama akanigeukia. Macho yake nayaona hata sasa ninapoandika. "Wewe, uliigusa redio?"

"Hapana, mama."

Kwenye arobaini ya bibi walimkalisha mama karibu na mlango, pamoja na wapita njia. Shangazi zake hawakumpa mkono. Mimi nilikula pilau, na nilishiba.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu ni betri. Mtoto huchukua kitu, ndivyo watoto walivyo. Nilipokuwa mtu mzima, na watoto wangu wamenidanganya mara mia juu ya vikombe na sukari, ndipo nilipoelewa. Betri zilimkosesha mama kumwona mama yake. Lile "hapana" langu liliwapa watu wa kwao ruhusa ya kumwita asiye na huruma, siku moja baada ya nyingine, mpaka anakufa. Nilimjengea nyumba ya bati la rangi, nilimpeleka Hija, na kila aliponiombea dua mbele ya watu mimi nilitazama chini, wakasema, mwone, tajiri na bado mnyenyekevu.

Baada ya kumzika mama nilikwenda Urambo. Mjomba alikuwa mzee sana, amelala kwenye kitanda cha kamba, haoni vizuri. Nilipiga magoti nikamweleza yote, kuanzia kidude cha Seif mpaka mwisho. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akapapasa ukingo wa kitanda.

"Sasa mwanangu," akasema, "umenipa neno hili yeye yuko kaburini. Mimi nikamwombe nani radhi?"

Maishani nimewajibu maofisa wa kodi na wanasheria, na mdomo wangu wanaujua Tabora nzima. Pale nilibaki nimepiga magoti kwenye sakafu ya udongo.