Mkate wa Ijumaa wa Bibi Hana

Nilifunga safari kwa sababu ya wivu, na sioni haya kulisema. Mdogo wangu Zawadi anamtunza bibi mmoja Myahudi huko Durban, na kwa miaka minne kila nikimpigia simu habari ni hizo hizo: Bibi Hana amekula, Bibi Hana amelala. Mimi ndiye niliyempeleka mji ule. Niliosha masufuria pale miaka tisa, nikasoma jioni, nikapata diploma ya hoteli, nikarudi Morogoro na kujenga nyumba ya wageni ya vyumba kumi kwa akili yangu mwenyewe. Juu ya hivyo, cha kumi na moja ni cha Zawadi, na hajalala humo hata siku moja. Nikamnunulia tiketi ya kurudi nami, bila kumwambia.

Alhamisi niliruka hadi Johannesburg, nikapanda basi. Jirani yangu wa kiti, Mkongo fundi wa simu, alisikia yote kuhusu vyumba vyangu na tiketi. Akauliza swali moja tu: "Na yeye iko najua?" Yaani, Zawadi mwenyewe anajua?

Ijumaa saa kumi jioni niliingia kwa Bibi Hana, mtaa wa Berea huko Durban, ghorofa ya tatu. Zawadi alinikumbatia, kisha akanitaka niseme polepole, Bibi amejipumzisha. Ilinichoma. Bibi mwenyewe alipoamka, ana miaka tisini na miwili, nilimweleza habari za diploma. Akauliza kama ilinifundisha kugawa mkate.

Jua lilipokaribia kutua aliwasha mishumaa miwili, kama Wayahudi wanavyoikaribisha Sabato, ila hakuomba. Zawadi akanipa mkate na kisu, akasema nyumba hii mmoja hukata, mwingine huchagua. Nikakata kipande kikubwa na kidogo, nikamsogezea mdogo wangu kikubwa. Bibi akaizuia sahani kwa kidole.

Alisimulia bila kupandisha sauti. Katika kambi ya Wanazi alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mama yake alichukuliwa siku waliyofika. Msichana asiyemjua, Mira, alilala naye ubao mmoja. Walipata kipande kimoja cha mkate. Leo huyu anakata na yule anachagua, kesho wanabadilishana, ili njaa isiwagombanishe. Vita vilipokwisha, kaka yake wa damu alipatikana hai. Kaka huyo alitoka katika kambi nyingine akimshika Mungu kwa mikono miwili. Bibi alikuwa ameiacha imani kule. Kaka alimtaka Hana wa zamani, yule mtoto waliyekuwa wakiomba pamoja mezani, naye hakuwepo tena. Akaona Mira amechukua nafasi yake, akamwambia achague: yeye au Mira.

"Nikachagua," Bibi alisema. "Mimi na kaka hatukuonana tena. Mishumaa hii ni ya mama. Mungu na mimi bado hatujasemezana."

Tiketi ya Zawadi ilikuwa mfukoni mwa koti la suti yangu. Nikavuta mkate uliobaki, nikaukata sawa kwa sawa.

Jumapili Zawadi alinisindikiza stendi.

"Kaka, ulikuja kunichukua?"

"Nilikuja kukusalimia."

"Kwa suti?"

Tukacheka. Akatoa mkate wa njiani na kisu, akanipa nikate. Alichagua nusu yake, akauliza dirisha la chumba chake linatazama wapi. Nikamwambia, mlimani. Akasema nisikipangishe.

Sasa niko Morogoro, na kiti kilichokuwa kitupu kando yangu ndegeni bado nakikumbuka. Wivu haujanitoka. Ila nimejifunza kuwa anayemlazimisha ndugu yake kuchagua anaweza kumpoteza baada ya mauti kushindwa kumchukua. Kila Ijumaa nikipiga simu, mimi ndiye huuliza kwanza kama Bibi Hana amekula.